Mjomba wako na simu yako: nani aaminiwe baharini?

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni binti wa Shela, Lamu. Familia yetu ina mashua mbili za kupakia wageni. Mjomba ndiye nahodha. Mimi nashika simu, nawajibu wateja, naandika matangazo na kuweka hesabu. Siku hizi karibu kila jambo nalipitisha kwenye akili unde (AI), na kila asubuhi naangalia utabiri wa upepo. Juzi utabiri ulionyesha upepo wa kawaida tu. Mjomba akasimama ufukoni saa moja asubuhi, akatazama mlango wa kutokea baharini, akasema leo hatutoki. Wageni wakachukua chombo cha watu wengine, wakaenda kuvua nje ya mwamba, wakarudi salama. Sisi tukarudisha pesa. Nasikia watu wa teknolojia wakisema binadamu na akili unde wakishirikiana humshinda kila mmoja peke yake. Ni kweli? Kama ni kweli, mbona kwetu ni mabishano tu? Nimwambie nini mjomba? Na je, nijiunge na ile programu ya kulipia kila mwezi?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja hapa Malindi, kwa sababu kisa chako kinalieleza jambo hili vizuri kuliko mifano mingi tunayoitumia sisi tunaofundisha kompyuta.

Nianze na lile kubwa. Si kweli kwamba ukimweka mtu na akili unde pamoja, matokeo huwa bora papo hapo. Mwaka 2024 watafiti watatu wa chuo cha MIT huko Marekani, Michelle Vaccaro, Abdullah Almaatouq na Thomas Malone, walichapisha katika jarida la Nature Human Behaviour mapitio ya majaribio 106 yaliyolinganisha mtu peke yake, mashine peke yake, na wawili hao pamoja. Kwa wastani, wawili pamoja walifanya vibaya kuliko yule aliyekuwa bora kati yao. Hasara ilionekana hasa katika kazi za kuamua, yaani kuchagua ni hiki au ni kile. Faida ilijitokeza zaidi katika kazi za kutunga: kuandika, kuchora, kubuni.

Ndani ya mapitio hayo mna jambo moja ambalo naomba ulishike. Pale ambapo mtu alikuwa hodari kuliko mashine katika kazi ile, kuungana kuliongeza ubora. Pale ambapo mashine ndiyo iliyokuwa hodari, kuungana kulipunguza. Utadhani ingekuwa kinyume, kwamba mnyonge ndiye angefaidika kwa kushikwa mkono. Lakini fikiria anachotakiwa kufanya mtu aliyekaa na mashine: kila jibu linapokuja, aamue kulikubali au kulikataa. Anayeijua kazi hulitambua jibu bovu. Asiyeijua hana cha kupimia, kwa hiyo hulikubali lililokosewa na kulibishia lililo sawa, na mwisho wake ni heri angeiacha mashine ifanye peke yake.

Kwa hiyo mtu na akili unde hukamilishana pakiwa na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, makosa yao yasifanane. Ikiwa wote wawili hupotea mahali pamoja, kuwa wawili hakusaidii kitu. La pili, awepo mtu anayeweza kusema kosa la leo ni la nani. Watu wengi wana la kwanza na hawana la pili. Nyumbani kwenu mna yote mawili, ila yamegawanyika kati yako na mjomba wako, na hamjakaa chini mkayaweka pamoja.

Mfano utakaousikia sana ni wa sataranji, nao una uzito wake, ila umezeeka. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov. Mwaka uliofuata Kasparov mwenyewe alianzisha mchezo ambamo kila mchezaji anasaidiwa na kompyuta, na mwaka 2005 katika shindano la wazi la aina hiyo washindi walikuwa vijana wawili wa Marekani ambao hawakuwa mabingwa, wakitumia kompyuta za kawaida, lakini wakijua vizuri lini waifuate ipi. Kisa hicho kimewapa watu matumaini mengi. Tatizo ni kwamba programu za sataranji ziliendelea kukua, na leo mtu akiingilia kati aghalabu huharibu. Katika ubao wa miraba 64, ambapo kila kitu kinaonekana na kanuni hazibadiliki, binadamu hana anachokiona ambacho mashine haikioni. Bahari ya Shela haiko hivyo, na hapo ndipo nataka tukae.

Uliangalia utabiri wa upepo. Utabiri wa siku hizi hutengenezwa kwa njia mbili. Ya zamani ni ya kupiga hesabu za fizikia ya hewa na maji kwa kompyuta kubwa mno. Ya mpya ni ya akili unde: mwaka 2023 kampuni ya Google DeepMind ilionyesha mfumo wa GraphCast, uliofunzwa kwa rekodi za hali ya hewa za miaka 39, ambao hutoa utabiri wa siku kumi za dunia nzima kwa muda usiofika dakika moja na kwa vipimo vingi ukaupita ule wa zamani. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kilianza kutumia mfumo wake wa akili unde rasmi mwezi Februari 2025. Sisemi haya kukutisha wala kukupendezesha. Nataka ujue kwamba kile kilichomo kwenye simu yako ni kazi nzito ya kweli, na mjomba akisema ni mchezo wa watoto, hapo amekosea.

Lakini mifumo hiyo huigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa namba moja ya upepo. Katika GraphCast upande mmoja wa mraba ni kama kilomita 28. Mfumo wa fizikia wa ECMWF hushuka hadi kilomita 9 hivi. Hebu fikiria kisiwa chote cha Lamu, na Manda, na mkondo ulio katikati, na Ras Kitau, vyote vikiwa ndani ya mraba mmoja au miraba michache tu. Mlango wa kutokea baharini pale Shela haumo. Fungu la mchanga ambalo mjomba wako hulikwepa halimo. Ile ramani ya rangi unayoiona kwenye simu, iliyolainishwa kana kwamba imepimwa hatua kwa hatua, imejazwa kwa kukisia kati ya namba na namba. Uzuri wake hukudanganya kuhusu jinsi inavyoona karibu.

Sasa turudi kwenye siku yenyewe. Nimeitazama tarehe ya barua yako. Juzi yako iliangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua, kipindi cha maji kujaa na kupwa sana, limekomaa, na tumo katika kusi, msimu wa upepo wa kusini. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa alfajiri na kupwa mnamo saa nne au saa tano ya asubuhi, na tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo hupita mita tatu. Maana yake ni kwamba saa moja asubuhi, mjomba wako aliposimama ufukoni, maji yote ya mkondo yalikuwa yakitoka kwa kasi kuelekea baharini, na mawimbi ya kusi yakiingia yanayakuta uso kwa uso. Wimbi likikutana na mkondo unaolikabili hufupika, huinuka na kusimama wima. Upepo unaweza kuwa wa kawaida kabisa na mlango ukawa mbaya. Simu haikukosea: iliulizwa upepo, ikajibu upepo. Mjomba naye hakuulizwa upepo. Aliulizwa kama mashua ile, yenye watu wale, itapita mlango ule saa ile.

Mlikuwa mkibishana juu ya majibu ya maswali mawili tofauti. Ningependa uliandike hilo mahali, kwa sababu mabishano mengi kati ya watu na mashine zao yako hivyo. Kabla hujauliza nani amesema kweli, uliza kila mmoja alikuwa anajibu nini.

Na ile hoja yako kwamba chombo kingine kilienda na kurudi salama, nakuomba uiache. Kwanza, hukuniambia kilitoka saa ngapi. Ikiwa kilingoja hadi maji yasimame, kilipita mlango uliokuwa umetulia, na nahodha wake alikuwa anakubaliana na mjomba wako bila nyinyi kujua. Pili, hata kama kilitoka saa moja ileile, kurudi salama mara moja hakuonyeshi kwamba uamuzi ulikuwa mzuri. Uamuzi wa hatari huweza kupita salama mara nyingi sana, kisha siku moja usipite. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana wakati wa kuamua.

Hapa ndipo ninapoona pesa zenu zilipopotelea. Mjomba alijua mlango utatulia maji yakisimama. Simu ilijua kama upepo utabaki ulivyo hadi alasiri au utapanda. Hakuna kati yao aliyekuwa na habari zote mbili. Ungemuuliza mjomba, "Basi saa ngapi mlango utapitika, na kina kitatosha juu ya fungu?" kisha ukaitazama simu kwa saa hizo hasa, huenda mngewaambia wageni: tutatoka saa tano, turudi kabla ya saa kumi. Au mngegundua kwamba saa tano upepo unapanda na safari haipo kweli, na mkarudisha pesa kwa moyo mkunjufu. Uamuzi wa aina hiyo hautoki kwa mjomba peke yake wala kwa simu peke yake. Watu wa teknolojia wakisema "kukamilishana", ukiuondoa urembo wa maneno, hiki ndicho kinachobaki.

Upande wa pili usiufiche kwa kumstahi mzee. Mjomba ana sehemu asiyoiona. Mawimbi makubwa yanayozaliwa na tufani kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi husafiri siku kadhaa hadi kufika kwetu, na hufika mbingu ikiwa safi. Satelaiti huyaona yakiwa mbali. Jicho la mtu aliye Shela haliwezi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja hadi kisiwa cha Mafia, Tanzania, na huku Kenya kukatolewa tahadhari kwa wavuvi na waogeleaji. Vimbunga havina kawaida ya kukaribia hivi ikweta, kwa hiyo nahodha aliyeishi maisha yake yote Lamu hana kumbukumbu ya kimbunga ya kumwongoza. Ujuzi wake umejengwa na yale aliyoyapitia, na hili hakulipitia. Siku kama hiyo mwenye kuona mbali ndiye wa kusikilizwa, hata kama maji ya mlangoni yamelala.

Kuna hatari nyingine ambayo nahisi unaikaribia, kwa sababu umesema karibu kila jambo unalipitisha kwenye akili unde. Mfumo wa utabiri na ile programu unayochati nayo ni vitu viwili tofauti, ijapokuwa vyote vinaitwa akili unde. Programu ya kuchati imefunzwa kwa maandishi mengi mno ili ijue neno gani linafuata jingine. Ukiiuliza maji yatajaa saa ngapi kesho Lamu, inaweza kukupa saa na dakika kwa sauti ya uhakika, na saa hiyo isiwe imetoka kwenye kipimo chochote. Kujaa na kupwa kwa maji hakuhitaji akili unde. Ni hesabu ya mwezi na jua, inapigwa mapema, na Halmashauri ya Bandari Kenya huchapisha majedwali yake. Tumia jedwali. Kwa tahadhari za bahari, sikiliza Idara ya Hali ya Hewa. Mjomba akikukuta unaiuliza programu ya kuchati habari za maji, ana haki ya kukasirika, nami nitakaa upande wake.

Huenda ukauliza kama ushirikiano wa kweli umewahi kuonekana mahali. Umeonekana, tena hapa Kenya. Mwaka 2025 kliniki za Penda Health jijini Nairobi zilieleza matokeo ya kutumia msaidizi wa akili unde katika kliniki 15, kwa ziara za wagonjwa zinazokaribia elfu 40. Madaktari waliokuwa na msaidizi walifanya makosa pungufu kwa asilimia 16 katika kutambua ugonjwa na asilimia 13 katika matibabu. Utafiti huo ulifanywa na kliniki zenyewe pamoja na OpenAI, kampuni iliyounda akili hiyo, kwa hiyo usome ukijua hilo. Ninachokipenda ni namna walivyoupanga. Daktari anamsikiliza mgonjwa, anaandika anachokiona na anachokusudia kutoa. Msaidizi anasoma nyuma yake akiwa kimya. Pakiwa sawa huonyesha kijani. Pakiwa na neno la kuangaliwa huonyesha manjano. Pakiwa na hatari huonyesha nyekundu, na daktari lazima asome kabla ya kuendelea. Uamuzi unabaki wa daktari.

Angalia mpangilio huo kwa makini: mtu anasema kwanza, mashine inafuata. Ingekuwa mashine inatangulia kutoa jibu, daktari aliyechoka, mwenye foleni mlangoni, angelipokea tu. Akishasema lake kwanza, ana kitu mkononi cha kulinganisha, na mashine ikimpinga hushtuka na kufikiri. Sweden nao walipanga tofauti katika uchunguzi wa saratani ya matiti kwa wanawake zaidi ya elfu 80: mashine ilizipanga picha kwa kiwango cha hatari, zile za hatari ndogo zikasomwa na daktari mmoja badala ya wawili, na kazi ya kusoma picha ikapungua kwa asilimia 44 bila saratani kupitwa zaidi ya kawaida. Njia ni nyingi. Zilizofaulu zina mtu aliyekaa akafikiri nani atangulie na nani afuate.

Kisha liko la Poland, nalo linanikosesha raha. Huko, madaktari wazoefu wa kupima utumbo mpana walipewa akili unde ya kuwaonyesha vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliangalia vipimo walivyofanya bila msaada huo, kabla na baada ya kuuzoea. Kabla, waliona vivimbe katika asilimia 28.4 ya vipimo. Baada ya kuuzoea, walipofanya bila msaada, wakashuka hadi asilimia 22.4. Ni utafiti mmoja na lazima yaje mengine. Hata hivyo hawa ni watu walioifanya kazi hii maelfu ya mara, na jicho likaanza kulegea kwa miezi michache tu ya kusaidiwa.

Ndiyo maana nina hofu zaidi na wewe kuliko mjomba. Mjomba jicho analo. Tena haegemei simu, kwa hiyo halina sababu ya kulegea. Wewe bado unalijenga, au ungekuwa unalijenga, kama kila asubuhi usingeinamia simu kabla ya kuinua uso. Ukishindwa kuusoma mlango wewe mwenyewe, siku mjomba hayupo hutakuwa na wa kukuambia simu imekosea lini. Utakuwa yule mtu wa majaribio ya MIT asiyejua akubali lipi na akatae lipi.

Upande wa biashara mambo ni mepesi zaidi, na hapo akili unde itakufaa kweli. Kuandika ujumbe kwa mgeni Mwitaliano au Mjerumani, kupanga hesabu za mafuta na ujira, kutunga tangazo: nyingi ya hizo ni kazi za kutunga, na ndizo ambazo yale mapitio yaliona faida. Ila uwe na jicho. Watafiti waliwahi kuwapa wafanyabiashara wadogo wa hapa Kenya, wapatao 640, mshauri wa akili unde kupitia WhatsApp. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa takriban asilimia 15. Waliokuwa wakisuasua walishuka kwa takriban asilimia 8. Mshauri alikuwa mmoja na ubora wa ushauri haukutofautiana. Inaelekea tofauti ilikuwa katika jinsi kila mmoja alivyochagua cha kufuata na namna alivyokitumia. Unaona ni hadithi ileile.

Kwa hiyo programu ikikuandikia tangazo lisemalo "bahari tulivu mwaka mzima, kwa umri wowote", futa. Imeokota maneno hayo kwenye matangazo ya pwani za watu wengine. Wewe unajua Juni na Julai nje ya mwamba kunakuwaje, na mgeni atakayekuja na mama yake mzee kwa sababu ya sentensi hiyo atakudai wewe, hataidai programu. Tena andika unavyosema mwenyewe. Programu hizi zimelishwa Kiingereza kingi, Kiswahili kidogo, na Kiamu karibu hakuna. Ukiiachia ikutungie, utasikika kama hoteli yoyote ya mahali popote.

Sasa, la kufanya nyumbani. Nunua daftari la kawaida. Kila asubuhi, kabla hujafungua simu, wewe utazame mlango na uandike unavyoona: tunatoka au hatutoki, na kwa nini. Kisha muulize mjomba, uandike lake. Kisha fungua simu, uandike upepo na mawimbi iliyosema kwa saa mnazotaka kutoka. Andika mwezi una siku ngapi. Jioni andika ilivyokuwa kweli, hata siku ambazo hamkutoka. Wavuvi wakirudi watakuambia. Usimwonyeshe mjomba simu kabla hajasema lake, wala usimwambie mjomba lako kabla hujaliandika. Ukifanya hivyo kusi nzima na kaskazi nzima, pamoja na siku za tanga mbili katikati ambapo upepo haujui unakotoka, utajua kwa ushahidi simu hukosea siku za namna gani, na mjomba hukosea siku za namna gani. Sidhani kama yuko mtu mwenye daftari kama hilo la mlango wa Shela. Hakuna kampuni inayoweza kukuuzia.

Wakati mnaliandika daftari, kubalianeni kanuni moja: yeyote kati ya mjomba na simu akisema msitoke, hamtoki, ila mnaweza kuulizana kama ipo saa nyingine ya siku hiyo. Simu ikiwa na tahadhari, mjomba asiipuuze kwa sababu maji ya mbele yake ni mazuri. Mjomba akikataa, simu isitumiwe kumshinda. Mtapoteza safari kadhaa ambazo zingeenda salama, nalo ni gharama halisi, naijua. Lakini kosa la kubaki ufukoni hulipwa kwa pesa, na kosa la kutoka huenda likalipwa kwa watu. Makosa mawili yasiyolingana uzito hayapigiwi kura sawa. Na pia ni kwa sababu mwenye dhamana ya roho zile ni nahodha. Likitokea la kutokea, atakayesimama mbele ya familia ya mgeni ni yeye. Programu haiwezi kusimama.

Umeuliza umwambie nini. Usiende kwake na simu mkononi kumthibitishia jambo. Nenda na swali: "Mjomba, leo umeona nini?" Kisha usimkatize. Manahodha wengi hawaelezi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nia ya kujifunza. Wanatoa hukumu na kunyamaza. Mwache aseme kwa Kiamu chake, umrekodi kwa ridhaa yake. Lamu imewahi kuwa na watu walioona umuhimu wa kuyahifadhi haya: marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi wenu, aliweka istilahi za vyombo vya bahari katika utenzi mzima ili zisipotee. Akili unde hujifunza kwa yaliyoandikwa na kurekodiwa. Anayoyajua mjomba wako kuhusu mlango ule hayajaandikwa popote, na kwa hiyo hakuna mashine inayoyajua, iwe ya bei gani. Nadhani akisikia unamuuliza hivyo, mwenyewe ataanza kukuuliza simu imesemaje kuhusu kesho kutwa. Siku hiyo ikifika, mwonyeshe mawimbi ya mbali, usianze na upepo wa leo. La mbali ndilo asiloweza kuliona, na ndilo litakalomfaa.

Kuhusu programu ya kulipia kila mwezi: kwa habari za bahari, hapana. Utabiri mzuri unapatikana bure na jedwali la maji halihitaji usajili. Kwa matangazo na barua za wageni, tumia ile ya bure msimu mmoja, uhesabu wateja wangapi wamekuja kwa ujumbe ulioandikwa nayo. Wakizidi gharama ya usajili, jiunge. Na kama zipo pesa za kutumia sasa hivi, angalia kwanza majaketi ya kuokolea maisha katika mashua zenu yanatosha abiria wote, pamoja na saizi za watoto, kisha mnunue redio ya bahari ya mkononi, maana huko nje ya mwamba mtandao wa simu hauna uhakika.